Makokha Amebakisha Mmoja

Everlyne alikuwa akimenya viazi kwenye kibanda chake cha chipsi, mjini Kitale, tingatinga lilipoingia sokoni na kusimama kando ya ubao wa Kamati ya Kupendezesha Mji. Ubao ulikuwa na picha ya Uwanja wa Sanaa na Utamaduni utakaojengwa hapo ili katikati ya mji pachangamke: jukwaa, viti vya mawe, ukuta wa michoro, na chini ya mti, mzee anayetabasamu akipiga litungu, kinubi cha Wabukusu.

Chini ya mti huohuo, Makokha, baba yake Everlyne, alikuwa ameketi akipiga litungu. Ili wasanii wapate mahali, wasanii waliokuwepo walitakiwa kuondoka.

Asubuhi hiyo alikuwa akiiimbia familia moja iliyofiwa kutoka Kwanza, nje ya mji, na alishaanza kuwataja wafu wao. Waliomfundisha walimwachia sheria moja: majina ya wafu yakianza kutajwa hayakatwi, kwa sababu ambaye hajatajwa hubaki amesimama nje mlangoni. Kwa hiyo Kigen, mlinzi wa Kamati, alipomwambia ainuke, mzee alitikisa kichwa tu akaendelea kuimba.

Kigen alimpiga rungu la kichwa. Fuvu lilipasuka juu ya sikio la kushoto. Pigo la pili lilivunja litungu, nyuzi zikaruka na kumchana shavu. Damu ilifika hadi kwenye karai la viazi. Everlyne alipomfikia alikuwa ameshakata roho, mdomo wazi.

Kesho yake Makokha alirudi, kichwa amekifunga shuka la mochari. Akaketi kwenye kifusi, akaunga litungu kwa waya, akaanza tena majina. Mhudumu wa mochari alikuja kudai shuka, akaambiwa angoje wimbo uishe.

"Mzee, ati bado?" Kigen aliuliza.

"Bado, kijana yangu."

"Umebakisha wangapi?"

"Mmoja."

"Si ungemalizia nyumbani, bana?"

"Amesimama nje."

Kigen alingoja. Makokha alipofika mwisho alinyamaza. Vidole viliendelea kucheza kwenye nyuzi, na macho yakamtazama binti yake. Everlyne alidhani anataka chai, akamletea. Mzee alikunywa, chai ikavuja kupitia kwenye ufa wa shavu.

"Basi niwie radhi," Kigen alisema, akamshushia rungu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mzee anakuja, anataja, ananyamaza, analetewa chai, anapigwa. Jioni mkokoteni wa taka unamrudisha mochari. Mafundi walipanga matofali wakiizunguka damu. Viola, msanifu wa Kamati, alikuja kukagua, akabadilisha vigae vya kijivu kuwa vyekundu.

"Ni wazee kama huyu tunaowataka hapa," alimwambia Everlyne kwa upole. "Lakini baada ya ufunguzi, na wawe na kibali."

Siku ya Ijumaa Wakoli, baba mdogo wa Everlyne, alipiga simu kutoka Chwele, upande wa Bungoma.

"Eva, kaburi haiwezi lala wazi hivi. Tumekesha nayo mpaka vijana wanatoroka. Wazee wamesema kesho tuzike mgomba."

Mgomba huzikwa pale ambapo mwili umekosekana.

"Baba mdogo, mkizika mgomba, yeye atalala wapi?"

"Si ndio nakuuliza! Mwambie amalize basi!"

Everlyne alizima jiko. Kwa mara ya kwanza aliketi karibu na baba yake na kusikiliza bila kukaanga chochote. Wafu wa ile familia ya Kwanza walitajwa wote, babu kwa wajukuu. Hakuna aliyerukwa. Kisha Makokha akanyamaza, vidole vikicheza, akamtazama. Mkono wa Everlyne ulikuwa umeshakwenda kwenye termosi, na hapo ukasimama. Mpiga litungu hawezi kujitaja mwenyewe miongoni mwa wafu. Lazima atajwe na mwingine. Lakini kwao litungu lilikuwa la wanaume, kwa hiyo mzee hakuwahi kumwomba, naye siku zote alikuwa akimletea chai.

"Niwie radhi," Kigen alikuwa akisema.

"Makokha," Everlyne aliimba. Sauti yake ilikuwa mbaya. Rungu lilikuwa limeshaanza kushuka, akalikinga kwa mkono. Mfupa ulivunjika kwa mlio uliosikika hadi kwa wauza mitumba, ncha yake ikatoka nje ya ngozi. Hakuacha. "Makokha, mwana wa Wakhungu, mpiga litungu."

Mzee aliweka litungu chini, akalala kwa ubavu, akafa kama wazee wanavyokufa.

Kigen alikaa kwenye tofali akisugua bega.

"Madam, si mngesema mapema? Hii bega imeniua."

Walimzika Chwele siku iliyofuata. Mgomba uliokuwa umeshakatwa uliachwa ukiegemea ukuta wa jiko.

Everlyne aliporudi Kitale, mkono ukiwa kwenye plasta, uwanja ulikuwa umefunguliwa. Pale palipokuwa na kibanda chake palikuwa na kiti cha mawe. Chini ya mti palikuwa na sanamu ya saruji ya mzee anayetabasamu. Kando ya sanamu Lenah, msusi wa vikapu kutoka Endebess, alikuwa ameketi akisuka. Hakuwa na kibali, na kikapu kilikuwa karibu kwisha, naye hakuwa mtu wa kuacha kikapu njiani. Kigen alimpasua paji la uso mbele ya wanafunzi waliokuwa wakipiga picha na sanamu. Damu haikuonekana sana juu ya vigae.

Asubuhi iliyofuata Lenah alirudi. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na damu iliyoganda, na kikapu kilikuwa magotini. Everlyne alimmiminia chai, kisha akaifikiria tena, akaiweka kando. Aliketi, akaanza kumshikia nyuzi za katani kwa mkono wake mzima.

Kigen alikuja akiwa amehamishia rungu mkono wa kushoto.

"Mama, umebakisha nini?"

"Ukingo tu, na mkanda," Lenah alisema bila kuinua uso.

Kigen aliutazama ukingo. Akautazama mkono wa Everlyne ulioshika nyuzi.

"Basi mniwie radhi," alisema.