Bata Aliyebonyeza Bawa

Mwaka ule wa mafuriko barabara ilikatika, na kijijini kwetu Mkongo palibaki mahali pamoja tu pakavu: kiwanja cha ndege. Nikaanika mpunga wangu pale. Bata maji wakaja kula, makundi kwa makundi. Sikuwaalika.

Ndege ya kampuni binafsi, hizi zilizokuja baada ya serikali kutoa ruksa, ilileta dawa. Ikitua, bata mmoja akajipigiza kwenye bawa. Mnene, na kafa bila bismillahi. Hata mchuzi hatukuonja. Ukingo wa mbele wa bawa ukabonyea kama sufuria la shughuli.

Nami nilikuwa nimemleta Semeni, mke wa mwanangu, pale kiwanjani, kabebwa juu ya kitanda. Uchungu siku ya pili. Mkunga Mwajabu keshasema ni Dar tu. Rubani akatazama bawa, akatikisa kichwa.

Akashuka fundi wake, Rukaiya, binti mwembamba ndani ya ovaroli.

"We mwanangu, fundi ni wewe, au umevaa ya mumeo?"

"Mume sina, bibi. Spana ninazo."

Akafungua kifuniko chini ya bawa, akaingiza tochi na kioo, akapapasa ribiti zinazoshika bati, moja moja. Nikamuuliza mbona wasiweke chuma kinene, bata apasuke peke yake.

"Itakuwa nzito, haitaruka. Hili bati la mbele limetengenezwa likunjike, limeze kishindo, mhimili wa ndani usiguswe. Mhimili ndio umebeba bawa."

"Kama marehemu mume wangu. Nikifoka anakunjika, nyumba inasimama."

Akacheka, akachomoa tochi. Mhimili mzima! Akapigilia kiraka cha bati.

"Safari moja ndege itafika. Ila bata wa pili sitaki. Nani kaanika mpunga?"

Nikatazama mawingu. Semeni akaugulia.

"Mimi, mwanangu."

Tukauzoa mbio. Kisha nikawapanga wanawake pande mbili za kiwanja, makopo na makombeo mikononi. Sisi tumekulia madunguni, juu ya vile vichanja vya shambani, tukiamia ndege wasile mpunga. Bata gani angetushinda? Rukaiya akangoja bata wa mwisho avuke mto, ndipo akampungia rubani. Kiti chake alimpa Mwajabu.

Wali wangu hakuugusa. Alikaa zahanati, ubavuni mwa redio ya upepo, mpaka ilipoita alasiri kutoka Dar: wamefika, Semeni kajifungua mtoto wa kike, wazima wote.

"Na kiraka?" akauliza.

"Kimeshika," redio ikajibu.

Akanawa mikono. Nikamwekea sahani mbili.