Kamba Wasiokufa

Katika ukoo ule lilikwisha kukubalika, kama inavyokubalika kwamba moto huunguza, kuwa Shangazi ana mkono wa kiangazi. Alichokabidhiwa hakikudumu. Mrehani ulinyauka, kasuku aliruka asirudi, na samaki wa binti ya mdogo wake alielea tumbo juu kabla hajapewa hata jina. Kwa cherehani mkono huohuo ulikuwa wa baraka. Alishona nguo za watu tangu ujana mpaka mvi, na hapakutokea wa kurudisha vazi kwa kulaumu mshono. Ila chenye pumzi, walisema, asikiguse.

Kwa hiyo siku mdogo wake, fundi wa miwani, alipomkabidhi ufunguo wa nyumba pamoja na tangi la kamba wake, mkewe alishika kiuno.

"Mume wangu, umepima macho ya watu mpaka ya kwako yamekwisha? Wifi yangu huyu akigusa jiwe, jiwe linanyauka."

"Na wewe, wifi, ukigusa neno halikai kinywani," alijibu Shangazi.

Walicheka, lakini chini ya kicheko palikuwa na jambo. Binti yao alikuwa karibu kujifungua katika mji mwingine, nao walikuwa wakienda kumuuguza na kurudi naye. Likizo yake ikiisha, mtoto angehitaji mlezi; na Shangazi, ambaye hakujaliwa kuzaa, alikuwa ameiomba kazi hiyo kwa sauti ya chini mno, kama mtu aombaye akijua atanyimwa. Wifi hakukataa. Alisema tu, "Kwanza tuone kamba."

Tangi lilikaa juu ya meza fupi kando ya dirisha. Ndani yake waliishi kamba wa maji baridi, wadogo, mkubwa wao hazidi urefu wa ukucha, wekundu kama punje za komamanga. Mchana kutwa walitembea juu ya majani ya majini wakichokoachokoa kwa vijikono vyao. Kuwahesabu hakukuwezekana, kwa kuwa kila aliyeonekana alikuwa na wenziwe waliojificha. Fundi wa miwani alimfundisha dada yake kwa utaratibu: chakula kiwe kiasi cha punje ya mchele, kwani kinachobaki huoza, maji ya bomba yasimiminwe papo hapo, bali yalale kwanza kwenye ndoo mpaka dawa iliyomo ipotee, na dawa ya mbu isipulizwe chumbani humo abadani. Alimfundisha yote, isipokuwa jambo moja ambalo kwake lilikuwa dhahiri mno, hata hakuona haja ya kulitaja.

Hazikupita siku nyingi, Shangazi akakuta maiti. Amelala ubavu mchangani, amepauka, masharubu na miguu yote kamili. Alimwinua kwa kijiko, akamwona mwepesi kuliko uzi. "Inna lillahi," alisema, kisha akasita, maana hakuwa na hakika kama tamko hilo humfaa kamba. Akamzika katika chungu cha maua barazani.

Jioni wifi yake alipiga simu. "Kitoweo chetu hakijambo?"

"Wazima wote," alisema Shangazi. "Hajafa hata mmoja."

Ulimi ulikuwa umeutangulia moyo, na neno likishatoka halina lijamu. Baada ya sala alileta istighfari ndefu. Kulipokucha alifungua kopo lake la nyuzi, akaziegesha nyekundu zote kwenye kioo cha tangi, moja baada ya moja, mpaka akapata iliyolingana na kamba. Akaenda nayo duka la samaki.

Duka lilikuwa giza, likimulikwa na taa za rangi ya zambarau. Mwenyewe walimwita Chewa, kwa ukubwa wa kinywa chake.

"Nataka mmoja, rangi hii."

"Bibi, hapa tunauza kamba au vitambaa?"

"Uza unachoulizwa, mwanangu."

Alikwenda tena, na tena, kwa kuwa maiti hazikukoma. Chewa akashindwa kuvumilia. "Bibi, unafuga au unapika?"

"Nafuga."

"Mmoja mmoja? Hata paka hali hivyo!"

Kila aliyezikwa alipata wa kushika nafasi yake, na kila jioni neno lilikuwa lilelile: hajafa hata mmoja. Lilizidi uzito kila lilipotamkwa.

Wakarudi. Wifi alimkalisha mzazi kitini, akabaki na kichanga kifuani. Fundi wa miwani alikwenda moja kwa moja dirishani, akainama, akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada, mbona wamejaa hivi?"

"Si wamezaana?"

"Kamba akizaliwa ni kama nukta. Hawa ni watu wazima. Halafu wengine ni rangi ya chungwa."

Shangazi alitoa ule uzi, akausogeza kwenye mwanga wa jua. Kweli, wageni hawakulingana nao hata kidogo. Alikuwa amesahau jambo la kwanza alilomfundisha kila mwanagenzi wake: uzi haulinganishwi kwa taa. Akasimulia yote, pasipo kubakiza, akawaongoza mpaka kwenye chungu cha maua.

Mdogo wake alifukua kwa kidole, akainua kimoja, akakiangalia juani. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi sakafuni.

"Dada, hii si maiti. Ni gamba! Kamba akikua hujivua, akajificha mpaka jipya likakaza. Na hilo kuukuu huachwa humohumo, wakalila. Hukuzika mtu wewe. Umezika nguo!"

Ikawa basi kwamba hakufa hata mmoja. Neno alilolitubia kila jioni lilikuwa kweli tupu.

"Umesema kweli kwa bahati mbaya," alisema mdogo wake, akifuta machozi.

Wifi hakucheka. "Hawakufa, sawa. Lakini wewe ulijua wamekufa, ukatufunga kamba. Siku mtoto huyu akianguka kitandani, wifi, utaniambia, au utakwenda kuninunulia mwingine?"

"Mtoto hauzwi dukani."

"Ala! Kwa hiyo kinachokuzuia ni duka?"

Neno hupimwa kwa nia, na nia yake Shangazi aliijua. Aliweka ufunguo mezani. Mdogo wake aliwatenga wale wa rangi ya chungwa, wasije wakachanganya mbegu na wekundu wake, akawatia katika tangi dogo la zamani lenye pampu yake ya hewa. "Chukua, dada. Hawa ni wako."

Aliwaweka karibu na cherehani. Magamba alipoyaona aliyaacha. Miezi ikapita namna hiyo, naye hakuulizwa habari ya mtoto wala ya kamba.

Asubuhi moja akakuta mwingine mchangani. Huyu hakuwa mwangavu kama gamba. Alikuwa hapitishi mwanga, amegeuka rangi ya waridi kama kamba aliyepikwa. Shangazi alimtazama kwa mwanga wa dirisha, asiridhike na wa taa. Hapakuwa na wa kumuuliza, wala ajuaye idadi yao. Akachukua simu.

"Wifi, mmoja amekufa."

"Gamba au mwenyewe?"

"Mwenyewe. Jana niliwatilia maji ambayo hayajalala. Nilikuwa na haraka ya nguo za watu."

Nyuma ya wifi mtoto alisikika akilia.

"Umeshanunua mwingine?"

"Sijanunua. Yupo palepale. Njoo umwone kabla sijamtoa."

"Nimwache mjukuu wangu nije kutazama maiti ya uduvi?" Wifi alishusha pumzi. "Mzike huyo, halafu uje. Mama yake ameanza kazi leo, na hiki kitoto kimeikataa chupa tangu asubuhi. Uje na uzi mweupe pia, fulana yake imeachia kwapani."

Shangazi alimzika kamba. Kisha akafungua kopo, akatoa uzi mweupe, akaupeleka dirishani kwanza.