Foleni kwa Mhunzi

"Aliniamkia," Mwalimu alisema kwa mara ya tatu. "Mtu akikuamkia unafanyaje?"

"Unaitikia, basi. Humpi mali ya watu."

"Nimeitikia. Ndipo akaomba."

"Na wewe ukampa."

"Aliomba vizuri."

Msusi alikuwa na kitana mdomoni, kwa hiyo hasira yake ilitoka nusunusu, pembeni mwa meno. Vidole vyake vilikuwa kichwani mwa Mwalimu, katikati ya mstari wa tisa, na mstari ukiuachia katikati unalegea wote, unaanza upya kutoka kwenye paji la uso. Kama angetaka kuinyakua ile simu yake aliyomshikisha, angeinyakua kwa kiwiko.

"Nisomee tena alichoandika."

Mwalimu alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaishika simu mbali kidogo kama barua ya mkuu wa wilaya. "'Shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Naomba uniazime moyo wa chuma mara moja.' Nami nikaandika, 'Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekula?' Akasema amekula. Nikampa."

"Ulimuuliza kama amekula."

"Mtoto wa watu. Jina lake ni Mtoto Mwema, limeandikwa hapa juu ya kichwa chake."

"Mwalimu, hakuna mtu duniani anayeitwa Mtoto Mwema."

"Na wewe huku mchezoni unaitwa Sindano," Mwalimu alisema.

Chini ya draya, fundi wa cherehani wa duka la pili alicheka. Mashine ile ilikuwa inavuma masikioni mwake na alikuwa hasikii nusu ya maneno, lakini alikuwa na maoni juu ya yote.

Saluni ile ilikuwa na kanuni moja tu: anayesukwa ndiye anayeshika simu. Msusi mikono yake ilikuwa na mafuta kuanzia asubuhi mpaka anapofunga, na mteja alikuwa na mikono miwili mitupu na saa tatu za kukaa. Mwanzoni wateja walilalamika. Baadaye wakazoea, na wengine wakazidisha. Kulikuwa na nesi mmoja aliyekuja kurekebisha mistari ya mbele tu, akakaa dakika arobaini zaidi kwa sababu kuna nguruwe pori alikuwa hajammaliza. Kila nguruwe alitoa sarafu mbili. Mke wa mchungaji peke yake alikuwa ameua mia nne, akimwomba radhi kila mmoja. Kwa sarafu hizo, nguruwe kwa nguruwe, kwa miaka miwili, ngao ya Sindano ilikuwa imepanda kutoka ngazi ya kwanza, ambayo ni ubao tu wenye mpini, mpaka ngazi ya tisa.

Ngazi ya kumi ilikuwa hainunuliki kwa sarafu. Ilihitaji moyo wa chuma. Moyo wa chuma hutoka kwa jitu la machimboni, na jitu hilo hutoa moyo pale linapojisikia. Msusi alilipiga kila asubuhi kabla ya kufagia saluni, siku mia mbili na arobaini, mpaka siku moja lilipoanguka na kitu chekundu kikabaki chini kinapiga kama kidonda. Alikaa kwenye kiti cha wateja siku hiyo, yeye mwenyewe, akakitazama.

Halafu ilibidi amsubiri mhunzi. Mhunzi huja mara moja kila miezi mitatu, anafungua saa sita mchana na kufunga saa kumi kamili, humhudumia mtu mmoja kwa dakika mbili, na hajali umetoka wapi. Leo ndiyo ilikuwa siku yake. Na leo jioni kikosi chao kilikuwa kinavunja lango la ngome ya kaskazini, na mstari wa mbele ulitaka ngao tatu za ngazi ya kumi. Orodha ilishatoka. Jina la tatu lilikuwa Sindano. Kama mpaka saa kumi ngao bado ni ya tisa, nafasi ingekwenda kwa jamaa mmoja waliyemwita Kelele, na msusi angerudi safu ya nyuma.

Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya watu. Wapo wateja aliokuwa akiwatambua barabarani kwa kisogo tu. Wakigeuka uso humbidi afikiri.

"Foleni je?" aliuliza. "Nilikukabidhi nikiwa wa kumi na tano."

Mwalimu aliisogeza simu karibu na miwani. "Hapa inasema sitini na nne."

Mikono ya msusi ilisimama. "Inasema ngapi?"

"Aliomba pia nimpishe. Alisema ana haraka."

"Yeye yuko wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili," Mwalimu alisema kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya darasa lake. "Si ndiyo nafasi yetu, imesogea?"

Mchezo uliruhusu kumpisha mtu mara moja tu kwa siku, na nafasi ikishatolewa hairudi kwa aliyeitoa. Mwalimu alikuwa ameshaitumia. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Msusi alipiga hesabu haraka, kama anavyopiga hesabu ya pakiti za nywele: watu sitini na watatu mbele yao ni zaidi ya saa mbili. Kumi na mmoja mbele ya Mtoto Mwema ni dakika ishirini na mbili. Angefika kwa mhunzi akiwa na moyo wa chuma mkononi na muda wa kupiga soga.

"Andika," msusi alisema, vidole vikirudi kazini kwa ghadhabu, kiasi cha Mwalimu kufumba jicho moja. "Andika hivi: mwizi mkubwa wewe."

Mwalimu aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, kisha akasoma: "'Mwanangu, mwenye mali anaiulizia.'"

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyomaanisha."

Jibu lilikuja mara moja. *Shikamoo tena mama.*

"Marahaba," Mwalimu alisema kwa mdomo, kidole kikianza kutafuta herufi.

"Usimwitikie."

"Nisimwitikie mtu?"

"Iache hiyo shikamoo yake ining'inie hapo hapo."

Mwalimu akajaribu. Miaka thelathini na sita, kila asubuhi, darasa zima lilisimama likamwamkia, na hakuna siku aliyowaacha wamesimama. Msusi aliyaona mabega yake yakipanda kama ya mtu anayezuia chafya. Mwisho akashindwa, akaandika *Marahaba* harakaharaka, akaweka nukta.

"Sasa mwulize wewe unavyojua," msusi alisema. "Lakini uliza kitu cha maana."

"'Unasoma darasa la ngapi?'"

Foleni ikasogea, ikasogea tena.

*Mimi si mwanafunzi mama. Ni dereva wa lori. Nina watoto watatu.*

"'Una umri gani?'"

*Hamsini na mbili.*

Mwalimu alivua miwani. "Hamsini na mbili," alisema. "Mimi nina sitini. Huyu alitakiwa aniulize habari za mchana, tukaishia hapo."

"Shikamoo za jumla hizo," fundi wa cherehani alipaza sauti kutoka chini ya draya. "Anamwaga tu uwanjani, anaona nani ataokota."

"Mwulize alijuaje kwamba anaongea na mtu mzima," msusi alisema.

Safari hii dereva alichelewa. Foleni ilimfikisha wa nane. Wa saba. Kisha: *Unaweka nukta. Vijana hawaweki nukta. Wanaoweka nukta huwa wanatoa.*

Mwalimu aliyasoma yale maneno mara mbili, ya pili bila sauti. Shingo yake, ambayo msusi alikuwa ameishika tangu saa saba mchana ikiwa laini kama ya mtoto anayenyolewa, ilikakamaa.

"Nukta zangu," alisema.

Akaanza kuandika. Aliandika kwa vidole viwili sasa, na kila alipofika mwisho wa sentensi aligonga kioo kama anayepigilia msumari. Msusi alinyoosha shingo asome juu ya kichwa chake.

*Dereva. Mimi ni mwalimu. Leo saa kumi na moja naagwa shuleni. Nimekuitikia mara mbili kwa nia njema. Ulichochukua si changu. Ni cha mwanamke anayenisuka. Amekitafuta siku mia mbili na arobaini. Hawezi kukuandikia mwenyewe kwa sababu mikono yake imejaa nywele zangu. Watoto wako watatu wanakuamkia kila siku. Fikiri ukiwa unaitikia.*

"Umemwambia Sindano ni mwanamke," msusi alisema. Kwenye kikosi walikuwa wakimwita kaka Sindano kwa miaka miwili, na hakuwahi kuona sababu ya kuwakatiza.

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli. Tuma."

Wa sita. Wa tano. Msusi alimaliza mstari wa tisa, akaanza wa kumi. Fundi wa cherehani aliinua kofia ya draya ili asikie vizuri, akagundua kuwa hakuna linalosemwa, lakini hakuishusha.

Wa nne. Wa tatu.

Simu ikalia. *Mtoto Mwema amekupa: moyo wa chuma.*

Kile kitu chekundu kilikuwa kimerudi mfukoni mwa Sindano, kinapiga. Msusi aliegemea mgongo wa kiti kwa paja. Mikono haikusimama.

"Unaona," Mwalimu alisema. Uso ulikuwa umemchangamka. "Mtu ukimwambia taratibu anaelewa."

"Naona. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, na sisi ni wa hamsini na tano."

Mwalimu alitazama foleni, akatazama saa, na furaha yake ikashuka ngazi moja moja. Moyo walikuwa nao. Mhunzi hawakuwa naye. Miezi mitatu mingine, na jioni hii Kelele mstari wa mbele, akiongea.

Simu ikalia tena.

*nafasi hairudi. lete ngao na moyo nikufulie mimi. nikimaliza nakurudishia. niko wa tatu. ukichelewa siwezi kusimamisha foleni*

Fundi wa cherehani alishuka kwenye kiti chake cha draya na rola zake zote kichwani, akaja kusoma mwenyewe.

"Haya sasa," alisema. "Kakurudishia kuku, anataka ng'ombe. Shoga, usimpe. Yaani hata usimjibu. Mtu amekuibia robo saa iliyopita."

"Nusu saa," msusi alisema.

"Ndiyo nimejua leo wizi una muda wa kuisha."

"Mwalimu, unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu," Mwalimu alisema. "Leo nimeshasema vya kutosha kwenye hiyo simu."

Msusi alisuka vipande vitatu, vinne. Akibaki na moyo na ngao ya tisa, hapotezi kitu ila jioni moja, na jioni nyingine ziko. Akitoa, na yule dereva akaondoka nayo, hakuna wa kumshitakia. Miaka miwili inakwenda, na nguruwe wote wa mke wa mchungaji, na wa nesi, na wa huyu fundi aliyesimama hapa na rola, ambaye kwa uvivu wake alikuwa ameua sabini tu lakini sabini ni sabini. Angerudi kwenye ubao wenye mpini. Akasoma tena ule ujumbe juu ya kichwa cha Mwalimu, pole pole, kama anavyomkagua mteja mpya anayesema atalipa kesho.

"Hakuamkia safari hii," alisema.

"Hata mama hakuniita," Mwalimu alisema, na ilikuwa kama imemuuma.

"Wala nukta ya mwisho hakuweka."

"Hilo nililiona."

"Basi ndiyo mbaya zaidi," fundi alisema. "Ameshaacha hata kujifanya."

"Ndiyo," msusi alisema. "Ameacha kujifanya."

Foleni ilisogea. Wa pili.

Msusi alifika mwisho wa mstari wa kumi, akaubana ncha kwa kibanio, akakitoa mdomoni kile kitana, akakichomeka kwenye nywele za Mwalimu ambazo hazijasukwa. Alijifuta mikono kwenye aproni, kiganja na nyuma ya kiganja, kisha kidole gumba peke yake. Akaichukua simu.

Aliigusa ngao. Mchezo ukamwuliza kama ana uhakika. Huuliza hivyo hata ukinunua mkate. Akabonyeza ndiyo. Akaugusa moyo, akaulizwa tena, akabonyeza ndiyo kabla swali halijamaliza kufunguka.

"Mungu wangu," fundi wa cherehani alisema kwa sauti ya chini, akaketi kwenye stuli ya kuoshea.

Msusi alimrudishia Mwalimu simu mapajani. "Inamisha kichwa," alisema. "Imebaki mistari minne, na wewe una watu wanakusubiri."

Akachambua kipande cha nywele, akakigawa mara tatu, akaanza.

Kwenye kioo cha simu, katikati ya uwanja, watu hamsini na watatu mbele yake, yule askari Sindano alikuwa amesimama bila ngao. Mikono yake mitupu ilipanda na kushuka kidogo kwa pumzi, kama ya mtu aliyefika mahali mapema na hajui aiweke wapi. Jua la dirishani lilikuwa linampiga. Mwalimu, kichwa kikiwa kimeinama, alilikinga kwa kiganja ili aendelee kumwona.