Vitanda Uwanjani

Wingu lilikuwa limeshuka karibu kugusa paa la forodha, na vitanda alivyonunua Mama Vitanda bado vilikuwa vimepangwa uwanjani, uchi. Alipitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani wa kimoja. Mninga uliokuwa laini kiwandani sasa ulikwaruza. Mvua ya juzi ilikuwa imeuvimbisha, na kwenye kiungo kimoja gundi ilianza kuachia.

Miaka yote alinunua ng'ambo ya mpaka bila vanishi. Vanishi huficha nyufa zilizozibwa kwa gundi na unga wa mbao, naye hakutaka kuuziwa ufa. Alipaka mwenyewe dukani. Safari hii mteja alikuwa shule ya bweni, na hati ya nyumba ya mama yake ilikuwa benki, dhamana ya mkopo wa mzigo huu.

Simu ikaita. Mama.

"Huku kumeanza kunyesha, mwanangu. Vitanda umevifunika?"

"Ndiyo naenda kuomba ruhusa, mama."

Afisa wa forodha alikuwa ofisini anakoroga chai.

"Kaka, naomba nifunike mzigo wangu. Turubai ninalo."

"Mama, si tumeshaongea? Samani inapita. Hizo zako ni mbao ghafi, lazima zipigwe dawa ya wadudu."

"Na mashine ya dawa ni mbovu."

"Ni mbovu."

"Sasa?"

"Sasa subiri."

"Kaka, wewe umewahi kuona mti una chaga za godoro?"

Mlinzi aliyesimama mlangoni akacheka. Afisa akamtazama, kicheko kikakatika.

"Kingekuwa na vanishi, kingekuwa kitanda."

"Basi nipake hapa hapa."

"Mzigo ulioshikiliwa hauguswi. Wala haufunikwi. Tunatakiwa tuuone."

Alipotoka, alimkuta mtu amechuchumaa kati ya vitanda vyake, na futi ya kupimia mkononi. Kila mtu pale mpakani alimjua: ndiye aliyekuwa akinunua mizigo ya mnada wa forodha, na wote walimwita Futi. Aligonga ubao kwa vifundo vya vidole, kama anayechagua tikiti sokoni.

"Hivyo vina mwenyewe," Mama Vitanda alimwambia.

"Najua, dada. Kazi safi. Fundi wako hana mchezo."

"Nani kakuruhusu kugusa?"

Futi alielekeza kidole gumba ofisini, akaendelea kupima. "Nimeshamwambia bosi, vikiloa zaidi ya hapa havitanifaa."

"Havitakufaa wewe?"

Futi alihamia kitanda cha pili. Afisa alikuwa anakuja, kikombe bado mkononi. Alizunguka vitanda taratibu, akasimama kwenye kile kilichoachia gundi, akakisukuma kwa kiatu. Kikalia.

"Unaona, mama? Mzigo umeharibika. Ulioharibika hatukai nao, unakwenda mnadani kesho."

"Umeharibika mikononi mwako!"

"Punguza sauti. Hapa ni ofisi."

Matone ya kwanza yalianguka, mazito, yakaacha madoa meusi kwenye mninga. Futi akapiga mluzi. Mlinzi akatoka mbio stoo na turubai jipya, halijawahi hata kukunjuliwa. Yeye na Futi wakalitandaza juu ya vitanda. Afisa aliweka kikombe chini, akashika pembe ya tatu.

"Vuta upande wako," alimwambia mlinzi. "Maji yasiingie."

Mama Vitanda alisimama kwenye mvua. Simu ikatetemeka mfukoni, akaipokea bila kutazama.

"Mwanangu, vimefunikwa?"

Kamba zilikuwa zimekazwa kila pembe. Hapakuwa na hata mguu mmoja uliochungulia nje.

"Vimefunikwa, mama."