Petroli Ilipochemka Mlimani

Gari la wagonjwa lilianza kukohoa kabla halijafika nusu ya mlima. Dereva, ambaye wenzake walimwita Gia, alikanyaga mafuta, gari likajibu kwa uvivu, kisha halikujibu tena. Malori yalikuwa yakitambaa mbele yao tangu bondeni, jua la mchana limeikalia boneti, upepo hakuna. Akalisogeza pembeni, akavuta breki ya mkono na kusukumia jiwe nyuma ya tairi. Hospitali ilikuwa juu kule kileleni. Paa lake lilionekana.

Nyuma alilala mwanamke mwenye mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni. Muuguzi alichungulia kidirishani, akamtazama Gia, akarudi kwa mgonjwa. Kiangazi kilichopita walikwama hapahapa na mgonjwa mwingine. Yule alikuwa akigonga bati la gari kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu waliolala, mpaka akaacha. Tangu hapo Gia hapiti mlima huu bila kumsikia. Hata gari likiwa tupu humsikia.

Ugonjwa wa gari lile haukuwa siri. Mrija wa petroli ulipita karibu mno na eksozi, na bati la kuukinga na joto lilishaoza likadondoka. Gari likienda mwendo wa kinyonga kwenye jua kali, petroli ilichemka ndani ya mrija kabla ya kufika kwenye kabureta, pampu ikabaki kuvuta mvuke. Dawa yake ilikuwa ndogo: kuuhamishia mrija upande wa pili na kufunga bati jipya. Gia alimweleza afisa usafiri mara kadhaa. Afisa, mtu mpole wa maneno, alimjibu kwamba gari halijaharibika, limechoka tu, na magari yaliyochoka hayana fungu. Gia alipoomba ruhusa ya kulitengeneza mwenyewe, aliambiwa mali ya umma haichokonolewi.

Alifungua boneti, joto likamvaa usoni. Dumu lake la maji ya kupozea mrija lilikuwa tupu, maana kule zahanati walikomtoa mgonjwa mabomba yalikuwa makavu na muuguzi alinawia maji hayo.

Mwanamume mmoja alikuwa anashuka kutoka kwenye marundo ya kokoto kando ya barabara, mkononi ana ndoo ya maji. Gia alimtambua. Alikuwa mume wa yule aliyekuwa akigonga bati. Baada ya mazishi alihamia hapa kuponda mawe. Watu walisema hakutaka kukaa mbali na mahali mkewe alipoishia.

"Shika," mponda mawe alisema, akampa ndoo.

Wakalowesha matambara, wakaifunika pampu, wakauzungushia mrija. Gia alimkanya asimwagie injini yenyewe, itapasuka. Baada ya hapo ni kungoja tu. Mle ndani mwanamke aliguna, na muuguzi akawa anambembeleza kwa sauti ya chini.

"Kaka," mponda mawe alisema, macho yake kwenye mrija, "ofisini waliniambia mke wangu alishakata roho kabla hamjaanza safari. Ni kweli?"

Gia pia alikuwa ameambiwa aseme hivyohivyo. Alilikamua tambara, akalilowesha tena.

"Si kweli. Alikuwa hai mpaka hapa."

"Na huu mrija ulikuwa hivi?"

"Hivihivi. Na walikuwa wanajua."

Mponda mawe akamimina maji yaliyobaki, polepole, asipoteze hata tone. Selfu ilipopigwa injini ilisitasita, ikashika. Bila kuuliza, akapanda mbele, akaketi na ndoo mapajani.

Walifika. Mwanamke aliingizwa chumba cha upasuaji, na baadaye muuguzi akatoka kuwaambia kwamba mama na mtoto wako salama. Afisa usafiri alikuwa uani kuuliza sababu ya kuchelewa. Gia alipomweleza, alisema, "Lakini si mmefika?"

"Huyu ni mume wa yule wa kiangazi kilichopita," Gia alisema. "Mwambie tena ulichomwambia. Na mimi nasikia."

Afisa alimtazama mponda mawe, akatazama viatu vyake mwenyewe, kisha akanyoosha mkono. Alitaka ufunguo. Kwa upole uleule alisema kwamba Gia amechoka, akapumzike nyumbani mpaka atakapoitwa.

Ufunguo ulikabidhiwa dereva mwingine papo hapo, kwa kuwa zahanati ya bondeni ilikuwa imeshapiga simu tena. Gia alimkimbilia dirishani kumweleza habari za matambara na maji. Dereva aliitikia kwa kichwa huku anageuza gari, akatoka langoni.

Mponda mawe aliuliza linakwenda wapi. Gia akamwambia.

Walijaza ndoo na dumu kwenye bomba la bustani, na mlinzi alipowakataza hawakugeuka. Wakaanza kuteremka barabarani juani, wakiharakisha wafike pale kwenye kokoto kabla gari halijarudi na mgonjwa.