Mteja wa Kwanza wa Husna

Panya hali rambo. Hilo Mzee Sadalla alilijua kama alivyolijua jina la baba yake. Tangu ujana wake aliuza mifuko ya plastiki Mtaa wa Narung'ombe, pale Kariakoo, na miaka yote hiyo panya walikula kila kitu stoo kwake: sabuni, kamba, hata makubazi yake ya msikitini. Mfuko waliutafuna kwa ubishi tu, kisha wakautema. Basi asubuhi ile alipofungua stoo ya uani akakuta robota la chini limechimbwa shimo, na panya wanene wamekaa wanakula mifuko bila haraka, kama watu walioalikwa, alishika mwimo wa mlango akasema, "La ilaha illallah!"

Lakini haikuwa rambo. Ilikuwa mifuko ya muhogo, na aliyeitengeneza ni binti yake wa pekee, Husna, ambaye mpaka dakika ile aliamini kwamba mifuko hiyo iko mikoani, mikononi mwa watu, inabeba vitunguu.

Tulianzie mbali kidogo jambo hili, maana uongo wa mapenzi huanza na kitu kidogo sana.

Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Sadalla aliiaga biashara ya maisha yake akageukia ndoo, mabeseni na sahani. Hakulalamika, mfanyabiashara wa Kariakoo akilalamika ujue anataka apunguziwe kitu. Aliyelibeba jambo hilo kichwani ni Husna. Alikuwa ametoka chuo na digrii ya kemia, na kazi za ofisini alikuwa akizisoma tu kwenye matangazo. Akaanza kupika wanga wa muhogo katika jiko la marehemu mama yake, Maimuna, kwenye nyumba yao ya Magomeni. Alichanganya siki na glisirini, akautandaza uji ule juu ya vioo mpaka ukauke. Mwanzoni kilitoka kitu kama ukoko wa ugali. Baadaye ukatoka utando mwororo unaopitisha mwanga, na siku alipoukunja na kuutia vishikio, aliuvaa begani akatembea nao uani huku na huku akicheka peke yake.

"Baba, huu hautoki kwenye petroli," alisema. "Unatoka shambani, Mkuranga. Ukiutupa, udongo unaula."

"Na nyanya utabeba?"

"Utabeba."

Akauingiza sokoni. Maskini, hakujua kwamba Kariakoo ina masikio ya bei tu. Alipita duka hadi duka, kutoka Mtaa wa Kongo mpaka wa Sikukuu, na kila mahali alijibiwa yaleyale. "Dada, mfuko mbadala wa kitambaa nauza kwa bei ya pipi. Huu wako atanunua nani, mtalii?" Mwingine aliunusa akasema una harufu ya uji uliochacha. Mwingine alimwita mpenzi. Jioni alirudi nyumbani na furushi lilelile, hasira tele, akimsimulia baba yake kila neno. Kisha ikafika jioni akawa hasimulii tena. Anakula huku anatazama ukuta. Aliyewahi kuishi na mtoto aliyefika hapo anajua kwamba makelele yalikuwa nafuu.

Sasa, sokoni kuna adabu moja ya zamani. Mteja wa kwanza wa siku haachwi akaondoka mikono mitupu, hata kama ni kwa hasara, kwa sababu huyo ndiye wa kufungulia. Na rafiki yako akifungua duka, unakwenda kumuungisha, hata kwa kibiriti. Sadalla alilelewa na adabu hiyo. Alimtazama mwanawe akaona hana kasoro ila amekosa mtu wa kumfungulia. Akamwita Anuari, winga wa siku nyingi, dalali wa kuunganisha wateja na maduka, mtu mzima mwenye kofia ya kapelo na mdomo ambao ungeweza kumuuzia samaki maji.

"Nenda Magomeni ukanunue robota moja la ile mifuko," alimwambia, akampa na fedha. "Mimi usinitaje."

"Akiniuliza mzigo unaenda wapi?"

"Sema mkoani."

"Mkoa gani, mzee?"

"Mikoa ni mingi, Anuari. Chagua."

Siku hiyo Husna alipika pilau ya kulisha mtaa. Robota lile la kwanza alikuwa amelifunga kwa ukanda aliouchana kwenye kanga kuukuu ya mama yake, nyekundu, ili liende na baraka. "Nimefunguliwa, Baba!" alisema, na akacheka kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu msiba. Sadalla alikula mpaka akalegeza msuli. Alilala akijiona baba aliyetimiza wajibu.

Alikusudia iwe mara moja tu. Lakini siku zikapita, hakuja mteja mwingine, na Husna akaanza tena kuutazama ukuta. Anuari akatumwa mara ya pili. Kisha ikawa ya tatu, na baada ya hapo haikuwa tena kutumwa, ilikuwa kazi. Kila robota lilifika uani kwa Sadalla limefungwa ukanda wa kanga, likapandishwa juu ya mwenzake. Mbele, dukani, rafu zilikonda, kwa sababu fedha ya kuleta mabeseni mapya ilikuwa inapitia Magomeni na kurudi ikiwa mifuko. Mara nyingine Sadalla alisimama katikati ya stoo akaogopa, kisha akafunga kufuli akaenda kuswali.

Ndipo ikafika asubuhi ile ya panya. Sadalla akaweka mitego, akaazima paka wa jirani, na juma hilohilo Husna akaja dukani, uso unang'aa, amevaa baibui yake ya sikukuu.

"Baba, naomba ukae kwanza. Anuari anasema mikoani wanataka mzigo zaidi. Vioo vyangu havitoshi. Nimepata mashine nzuri, na nyumba ya Magomeni imepata mnunuzi. Lakini ni mirathi yetu sote wawili. Bila ridhaa yako siwezi."

Nyumba ile ndiyo kitu pekee alichoacha Maimuna. Hapa ndipo mahali pa kusema, na Sadalla alipaona.

"Hao wateja wako, mama, umewahi kuwaona?"

Husna akacheka. "Wewe wateja wako wa Songea umewahi kuwaona? Si unatuma mzigo tu!" Kisha akashusha sauti. "Nikwambie kitu. Siku ile Anuari anakuja mara ya kwanza, nilikuwa nimeshafunga sufuria zangu kwenye kiroba. Nilishaacha, Baba. Nilikuwa nimekaa juu ya kile kiroba nalia. Nikasikia hodi. Mama angekuwepo angesema hiyo ndiyo riziki."

Ungemwambia nini? Wako watakaosema angemwambia ukweli, na watakuwa wamesema kweli, lakini hawakukaa kwenye kigoda kile wakatazamwa na macho yale. Sadalla alisema, "Mungu akutangulie, mwanangu," akatia saini.

Nyumba ikauzwa. Baba na binti wakahamia vyumba vya kupanga Mtaa wa Swahili, na mashine ikafungwa kwenye banda la kukodi Buguruni. Siku moja Sadalla alipita Magomeni akakuta mwenye nyumba mpya ameshang'oa mabati. Jiko la Maimuna lilikuwa wazi juani, na ukuta wake bado mweusi kwa moshi. Alisimama upande wa pili wa barabara mpaka mtu wa bodaboda akamuuliza kama anaumwa.

Mvua za masika zilipoanza ndipo alipotokea Clotilda. Huyu alikuwa mnunuzi wa kampuni moja ya chakula yenye ofisi Upanga, mama mzito, miwani imening'inia kifuani, na hakuletwa na winga wala na baba wa mtu. Aliuona mfuko kwa Husna mwenyewe. Husna alimleta dukani kwa baba yake ili wazungumze mahali pa heshima. Clotilda aliuvuta mfuko, akaunusa, akatia mkono ndani na kutanua vidole.

"Nimeupenda," alisema, na Sadalla alisikia moyo wake unapiga kama wa kijana. Soko limekuja! Mungu amemfichia aibu yake! Mzigo wote wa stoo ungetoka kimya kimya na hakuna ambaye angejua.

"Ila mimi sinunui kwa maneno," Clotilda akaendelea. "Nitajie mtu mmoja aliyeutumia mwezi mzima. Hata mama ntilie, hata muuza nyanya. Nataka nimuulize yeye, siyo wewe."

"Mmoja tu?" Husna akatabasamu. "Nitakupa mpaka utachoka. Ngoja nimpigie Anuari, yupo hapo Msimbazi, aje na namba zao."

Sadalla alitoka kwa mlango wa nyuma akidai anafuata chai. Alikuwa na wazo, wazo la mtu anayezama: achukue mifuko misafi, ampe muuza nyanya wa pale kona, amfundishe maneno. Alifungua stoo. Mvua ilikuwa imepita chini ya mlango. Marobota ya chini yalikuwa yamevimba na kuwa uji, harufu ya siki ikapanda puani, na yale ya juu panya walikuwa wameyatoboa kila upande. Akapanda juu ya rundo, akawa anachambua, anatupa, anachambua, anatafuta mfuko mmoja mzima. Alipata michache. Ndipo mwanga wa mlangoni ulipozibwa.

Alikuwa Husna. Nyuma yake Anuari ameshika kofia mkononi.

"Nisamehe, mzee," Anuari alisema. "Kaniuliza mbele ya yule mama, kanikazia macho. Mimi wateja nawapiga fix, nawadanganya kila siku, lakini huyu mtoto nimeshindwa, wallahi."

Husna hakumsikiliza. Alikuwa anatazama kanga za mama yake. Zilikuwa pale zote, ukanda juu ya ukanda, kila fundo kama alivyolifunga mwenyewe, hakuna hata moja lililofunguliwa na mkono wa mtu. Alianza kuyagusa marobota mojamoja, kama mtu anayehesabu majeruhi, halafu akaacha.

"Yote?"

"Mama..."

"Hata lile la kwanza, Baba?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lile la kwanza alinunua mtu wa Dodoma, mwanangu. Angesema hivyo tu na binti angebakiwa na robota moja la kushikilia. Lakini lilikuwa pale, limeegemea ukuta, na ukanda wake mwekundu, na Husna alikuwa ameshaliona.

"Hata la kwanza," alisema Sadalla.

Panya mmoja alipita kati yao, hana wasiwasi.

"Kumbe wateja wangu ni hawa," Husna alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka tu. "Angenunua mtu mmoja, Baba. Mmoja. Mfuko ungemwagia vitu vyake, angerudi kunitukana mbele za watu, nami ningejua pa kurekebisha. Wewe ulitukanwa na wateja mpaka ukawa Sadalla. Mimi hata matusi umeninyima."

"Nilitaka kukuungisha tu, mama."

"Mtu huungishwa mara moja."

Akaokota mfuko mmoja mzima miguuni pa baba yake, akatoka. Sadalla aliteremka kwenye rundo akamfuata, akapitia dukani. Clotilda alikuwa ameshaondoka. Sampuli ilikuwa juu ya meza, imekunjwa vizuri.

Nje mvua ilikuwa ya rasharasha, ile isiyomfukuza mtu Kariakoo. Husna alisimama kwa muuza nyanya wa kona, akanunua fungu, akazitia mwenyewe kwenye mfuko. Kisha akatembea kuelekea Msimbazi, mfuko ameuning'iniza mkononi kama mwanamke yeyote anayetoka sokoni. Sadalla alikuwa nyuma yake, akiomba dua. Mfuko ulibeba. Ulipita duka la vitenge ukibeba, ukapita wauza miwani ukibeba, na mzee yule aliyemwangamiza mtoto wake kwa mapenzi akaanza kutumaini.

Mbele kidogo kitako cha mfuko kikang'aa, kikarefuka taratibu, kikaachia. Nyanya zikatawanyika kati ya miguu ya watu na matairi ya bajaji. Husna alisimama. Alibaki na vishikio mkononi, akavisugua kwa vidole, akainua kipande cha chini akakitazama kwa makini sana.

"Kunaanzia chini," alisema, wala hakumwambia mtu. "Kitako nilitakiwa nikitie tabaka la pili. Tabaka moja tu zaidi."

Akavuka barabara akashika njia ya Magomeni, kwa mazoea ya miguu. Alipofika ng'ambo akakumbuka kwamba huko hawana tena nyumba. Akasimama palepale ukingoni, mgongo kwa baba yake, watu wanampisha kulia na kushoto, hajui aelekee wapi.

Sadalla aliona haya kumwita. Aliinama akaanza kuokota nyanya, zile ambazo hazijakanyagwa, akizikusanya kwenye pindo la kanzu yake. Muuza miwani mmoja alimsaidia kuokota mbili za mwisho, akamuuliza azitie wapi. Mzee akatazama huku na huku. Hakuwa na mfuko.