Picha Nimempakata Shee

Kanzu ya Shee haikuwa kubwa kuliko kitambaa cha mkononi, lakini Zakiya aliipiga pasi kana kwamba ni nguo ya arusi. Aliitundika kwenye kitasa cha mlango, akaona kikunjo kwapani, akaiteremsha, akairudia.

"Mama Aida," mumewe akamwambia, "hiyo nguo sasa itaungua."

"Haiungui."

"Na mwenyewe ataikunja kabla hujamaliza kumfunga vifungo."

"Na aikunje. Ikishapigwa picha na aikunje atakavyo."

Kamaludin akarudi kutazama nje. Alikuwa amekaa kando ya dirisha, amevaa kanzu yake tayari. Zamani alikuwa akiendesha mashine ya kuinulia makontena kule bandarini Shimanzi, na wakati ule hangekuwa nyumbani asubuhi kama hii. Tangu apunguzwe kazi, alikuwa amejifunza kukaa mahali ambapo hamzibii mtu njia.

Mkekani, Aida, bintiye wa kwanza, alikuwa na nusu ya kichwa iliyosukwa na nusu iliyosimama. Mbwana, wa miaka minne, alikuwa akila hamri.

"Usiguse chai, Mbwana. Kula kavu."

"Lanikwama, Ma."

"Likikwama, meza mate. Ukiimwagia chai kanzu hiyo, utapigwa picha tumbo wazi."

"Nataka tumbo wazi!" Mbwana akapiga makofi. Aida akacheka, na Zakiya naye akacheka, kisha akakiinamia kichwa cha bintiye na kuendelea kusuka.

Kesho yake angepanda ndege kwenda Arabuni. Kazi za nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Waliotangulia walikuwa wamemweleza kwamba kuna waajiri wanaochukua simu mlangoni na kuifungia kabatini, lakini picha ya karatasi hakuna anayeigombania. Basi alitaka picha ya karatasi. Watoto wote watatu na baba yao, na yeye mwenyewe katikati, amempakata Shee, kitindamimba. Hilo la mwisho alikuwa amelirudia mara nyingi hata Kamaludin akalijua kwa moyo: picha nimempakata Shee.

Wiki tatu alikuwa hajamtia Shee machoni.

Kwao mtoto hulikizwa, yaani huachishwa ziwa, hivyo. Mama hulipaka ziwa shubiri, mtoto akaonja uchungu, akalia, akaonja tena, mpaka akakata tamaa. Kisha hupelekwa kwa jamaa akalale huko, na mama hajionyeshi hata kwa kivuli, ili mtoto asahau kunyonya. Shee alipelekwa Mji wa Kale, Kibokoni, kwa shangazi yake Maimuna, dadake Kamaludin, mjane ambaye Mungu hakumjaalia mtoto. Kamaludin alikwenda kumtazama kila jioni. Marufuku ilikuwa ya mama peke yake.

Wiki moja hutosha. Ilipokwisha, Maimuna alipiga simu: "Wifi, njoo umchukue mwanao, ameshasahau." Lakini Zakiya hakwenda. Aliogopa kwamba akimshika tena, miguu yake haitapanda ndege. Akajiambia pia kwamba ni heri Shee amalize kulia mapema, asije akalilia mtu asiyekuwapo. Alidhani kusahau ziwa ni jambo moja, na kusahau mwenye ziwa ni jambo jingine.

*

Tuktuk iliwashusha pale njia inapokuwa nyembamba, wakaingia vichochoroni kwa miguu. Aida alikuwa amempa Mbwana mkono, na Zakiya alikuwa amebeba mfuko wenye kanzu ya Shee, kofia, soksi, biskuti na kikebe cha wanja.

Studio ilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji upande mmoja, na benchi upande wa pili. Mpiga picha, Kitsao, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Benchini alikuwa amekaa mama mwingine, Wendy, amewapakata mapacha wake, mmoja kila paja, akisubiri zamu.

"Karibuni. Mtoto wenu yuko wapi?" Kitsao akauliza.

"Yuaja na shangazi yake."

"Amelala vizuri? Maana mimi nagombana na usingizi, sigombani na watoto."

Wendy akacheka. "Hawa wangu wameamka tangu saa kumi. Ukimaliza na wao, utahitaji kulala wewe."

Mara mlango ukafunguka, Maimuna akaingia, amembeba Shee kiunoni.

Amekua. Hilo ndilo la kwanza Zakiya aliloliona. Shingo imetoka, nywele zimejaa, na kwenye kipaji cha uso ana nukta ya wanja, iliyokwisha kupakwa, ya kuzuia kijicho cha watu. Zakiya akakirudisha mfukoni kikebe alichokwisha kukitoa.

"Shee," akasema. "Shee wangu. Njoo."

Akanyoosha mikono. Shee akamtazama kwa makini, kama anavyotazamwa mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Kisha akageuka, akauficha uso shingoni mwa Maimuna.

"Ala! Kwani humjui mamako?" Maimuna akasema, akicheka kicheko kisichokuwa na raha. "Ana haya tu, wifi. Ametoka kuamka."

"Ndiyo, haya tu," Kamaludin akasema upesi.

Ikawa Maimuna ndiye aliyemvisha ile kanzu, maana Zakiya alipomgusa mguu, mtoto aliukunja. Kanzu ikamkaa vizuri. Kitsao akawapanga: Kamaludin asimame nyuma, Aida kulia, Mbwana kushoto, mama kwenye kiti. "Sasa mpe mama mtoto."

Maimuna akamshusha Shee mapajani mwa mamake, akarudi nyuma haraka.

Kilio kilichotoka kilimfanya pacha mmoja wa Wendy naye aanze kulia. Shee alijitupa nyuma, akajinyoosha kama ubao, akateleza, na Zakiya akamdaka kwapani.

"Mchezeshe, Aida!"

Aida akajifunika uso kwa viganja, akajifunua, akajifunika. Mbwana akabweka kama mbwa. Kitsao akatikisa kopo lenye kokoto. Kamaludin akatoa biskuti, Shee akaipiga ikaruka mpaka kwenye maporomoko ya maji.

"Mpe baba," Kitsao akasema.

Kwa baba akanyamaza. Akajifuta kamasi kwenye bega la kanzu ya Kamaludin, akavuta pumzi zilizokatikakatika.

"Basi hapo hapo," Kitsao akasema. "Baba ambebe, mama akae. Picha itakuwa nzuri vilevile."

"La," Zakiya akasema.

"Dada, nina watu."

"Nataka nimempakata mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika chumba kizima. "Nisamehe, kaka. Nataka nimempakata mimi."

Kitsao akamtazama Kamaludin, Kamaludin akaitazama sakafu.

"Waache, tutangoja," Wendy akasema kutoka benchini. "Watoto wana siku zao. Mwanao leo hakutaki, kesho hutapumua kwa kung'ang'aniwa."

Alikuwa akitania tu, hakujua habari ya kesho.

Nyuma ya pazia jingine palikuwa na kioo ambapo wanawake hujitengeneza mitandio. Zakiya akamchukua Shee kutoka kwa baba yake, kilio kikaanza upya, akaingia naye huko. Maimuna akamfuata mpaka kwenye pazia, akasimama upande wa nje.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini. "Usimpe."

"Simpi."

"Nakuomba. Wewe kesho hupo. Nitakayekesha naye ni mimi."

"Nimesema simpi."

Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kufungua buibui. Alijua ni vibaya. Alijua kwamba atamharibia Maimuna kazi ya wiki tatu, na atamtia mtoto tamaa atakayoililia usiku kucha, mtu wa kuitimiza akiwa juu ya bahari. Alijua yote, na bado alilitoa ziwa, maana lilikuwa ndilo neno la mwisho alilokuwa nalo la kumwambia Shee kwamba ni yeye.

Shee akanyamaza.

Akaliangalia ziwa. Machozi yalikuwa yamesimama kwenye kope. Maziwa hayakuwa yamekauka yote, akayasikia yakishuka, yakimwitikia mtoto kabla hajaita. Shee akasogea, akasogea tena, mdomo ukafunguka kidogo.

Kisha uso ukamkunjamana. Akautoa ulimi nje, akaupangusa kwa kiganja, akapangusa tena, kama alivyofanya asubuhi ile ya shubiri, ingawa shubiri ilikuwa imeoshwa zamani na hapakuwa na kitu pale ila ngozi na maziwa. Hakulia. Alijisukuma nyuma kwa mikono miwili, polepole, akilitazama ziwa kama kitu anachokijua.

Zakiya alifunga buibui. Kumbe hakusahauliwa. Katika yote aliyompa mtoto huyu, kubebwa, kubembelezwa, kuoshwa, kukeshewa homa, lililobaki ulimini mwake lilikuwa ni ule uchungu.

"Ma," Shee akasema.

Zakiya akamwinamia. Kisha akaona macho yake yanakotazama. Yalikuwa kwenye pazia, kwenye ncha za viatu vya Maimuna zilizojitokeza chini yake.

"Ma," akaita tena, kwa sauti zaidi.

Pazia likafunguka. Maimuna alikuwa amejiziba mdomo.

"Sikumfundisha, wifi. Wallahi sikumfundisha. Mimi humwambia shangazi, shangazi, kila siku."

"Najua."

"Hulisema mwenyewe tu."

"Najua, Maimuna. Usilie. Mtoto lazima awe na wa kumwita."

Wakasimama hivyo, mtoto katikati yao akimnyooshea mmoja mikono. Nje Kitsao alikohoa. Ndipo Maimuna alipovua leso aliyokuwa ameitupia mabegani juu ya buibui, akamzungushia Zakiya shingoni, akaishusha kifuani, akaikunja vizuri.

"Hulala nayo," akasema, bila kumtazama usoni. "Jaribu."

Leso ilinuka udi na mafuta ya nazi na jasho la mtu mwingine. Shee aliisogelea. Akaikamata pembe, akaitia mdomoni, akailalia kwa shavu. Mwili wake mdogo ukalegea wote kwa mara moja, ukamlemea Zakiya kifuani, uzito uleule alioukosa wiki tatu. Zakiya akatoka nyuma ya pazia kwa hatua za mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, akakaa kitini.

"Ma, wanuka kama shangazi," Mbwana akasema.

"Nyamaza," Aida akamnong'oneza.

"Sasa," Kitsao akasema. "Mtoto, tazama huku! Huku, bwana mkubwa!" Akatikisa kopo. Shee hakuinua uso. "Haidhuru. Tazameni nyinyi. Mama, tabasamu kidogo. Kidogo tu. Hivyo hivyo."

Mwanga ukapiga mara kadhaa. Wendy akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mwaona sasa? Mama ni mama tu. Angalia alivyotulia."

Maimuna akaenda kusimama karibu na mlango, akawapa mgongo.

*

Walingoja picha itoke. Wendy na mapacha wake wakaingia mbele ya maporomoko ya maji, na Zakiya akahamia benchini, Shee akiwa kifuani, pumzi zake zikirefuka. Alikuwa amelala. Mkono wa Zakiya ukafa ganzi, hakuuondoa. Kamaludin akaja kukaa kando yake.

"Umempata," akasema polepole.

"Sikumpata mimi, Baba Aida."

"Akiamka atakuzoea. Bado tuna siku nzima. Twende naye Tudor, alale kwetu leo."

Aliliwaza hilo. Aliiona jioni yote, Shee akizunguka chumba akimtafuta mtu wake, na yeye akimfuata nyuma amejifunga leso ya watu. Aliuona na uso utakaoinuka kumtazama, dakika ile mtoto atakapofumbua macho na kukuta si mtu wake.

"La," akasema. "Asiamkie kwangu."

Akamwita Maimuna. Wakamhamisha kama wanavyohamishwa watoto waliolala, kichwa kwanza, kisha mgongo, na Zakiya akainama naye mpaka leso ikateleza kutoka shingoni mwake ikabaki na mtoto.

"Ichukue uende nayo, wifi," Maimuna akanong'ona. "Utamnusa."

"Atalala na nini?"

Maimuna akamfunika Shee kwa leso. Akatoka taratibu, Kamaludin akamfungulia mlango, na mguu mmoja mdogo wenye soksi nyeupe ukaning'inia ubavuni mwa Maimuna mpaka alipokata kona. Shee hakuamka.

Kitsao akaleta picha, bado ina joto, ndani ya bahasha. Zakiya akaishika, hakuifungua.

"Niione, Ma," Aida akasema.

"Utaiona nyumbani."

"Niione sasa."

Akampa. Aida akaitoa, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, Mbwana akining'inia kiwikoni mwake ili naye aone tumbo lake lilivyofunikwa. Aida akaweka kidole juu ya kisogo cha Shee.

"Shee hakutazama," akasema. "Sote twatazama, yeye ameficha uso."

"Ndiyo," Zakiya akasema, akamfunga vizuri utepe wa nywele uliokuwa umelegea. "Hakutazama."